Mazuku, si Mizuka

Mama mkwe wangu alianza kunisahihisha Kiswahili siku ileile nilipoingia nyumbani kwake kama mke wa mwanawe. Nilimwambia, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Mama, chakula iko mezani," akanitazama juu ya miwani na kusema, "Kipo. Chakula kipo mezani, mwanangu." Kisha akala vizuri tu, na nyongeza akaomba.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka mingi huko Karagwe, Tanzania, walikoishi kabla ya kurudi Rwanda. Mimi nilizaliwa Goma, ng'ambo tu ya mpaka, ambako ngeli tunazitupa pamoja na maganda ya viazi na bado tunaelewana. Nyumbani tulikuwa na Kinyarwanda kwa wageni na mambo ya heshima, na Kiswahili kwa jikoni. Yeye alikuwa na chake, mimi na changu.

"Kiswahili chenu kimevunjika miguu yote miwili," alikuwa akiniambia.

"Lakini inatembea, Mama."

"Kinatembea."

Tulicheka. Nataka ijulikane kwamba tulicheka, na kwamba nilimpenda, na kwamba siku hiyohiyo niliyompenda aliweza kunikera mpaka nikatoka nje kupumua. Mimi pia ni mwalimu. Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Gisenyi, na hakuna mwalimu anayefurahi kuwekewa alama nyekundu kila anapofungua mdomo. Jina lake sitalitaja. Kwetu mke hatamki jina la mama mkwe, na desturi hiyo nimeishika hata sasa ambapo hayupo wa kunisikia. Lakini kuna neno moja alilolisahihisha, nami nikakubali lisahihishwe, na neno hilo ndilo lililompeleka kaburini.

Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji, barabara ya kwenda Busasamana. Huku ukichimba kidogo tu jembe linagonga jiwe. Ni jeusi, zito, limejaa matundu, na wanafunzi wangu wakiniuliza matundu hayo yametoka wapi nawaambia kwamba jiwe hilo lilikuwa uji wa moto, na ndani ya uji mlikuwa na hewa, na uji ulipopoa hewa ikatoka ikaacha nyumba zake wazi. Nawaambia waguse ukuta wa darasa. Ukuta mnaouegemea, nawaambia, uliwahi kutiririka. Wanacheka. Kila mwaka yuko mmoja anayeuliza kama unaweza kutiririka tena, nami husema ndiyo, na kuwaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Mawe ya msingi wa nyumba yetu yalichimbwa nyuma ya nyumba yenyewe. Wajenzi waliacha shimo pana kuliko darasa, refu kwenda chini kiasi cha mtu na nusu, lenye ngazi walizozichonga kwenye mwamba upande mmoja. Nyasi ziliota humo. Mama mkwe alilipenda shimo lile. Jumamosi mchana alishuka na mkeka wake na Biblia, kwa sababu kelele za pikipiki hazikufika kule chini. Alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaomba kwa saa nzima. Alifanya hivyo kwa miaka na halikumpata jambo lolote.

Kisha mlima wa upande wa Goma ukatapika.

Watu wa Goma walivuka mpaka na magodoro vichwani. Sisi tulisimama uani tukiangalia anga jekundu na kuhesabu ndugu. Moto wenyewe haukutufikia. Kilichotufikia ni kutetemeka. Siku iliyofuata ardhi ilianza, na haikutaka kuacha. Ilitetemeka tukila, ikatetemeka tukifua, ikatetemeka mchungaji akiomba isitetemeke. Vifuniko vya sufuria vilipiga kelele vyenyewe. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi ofisi za wilaya, alitoka alfajiri kushughulikia waliokimbia na kurudi na vumbi mpaka kwenye kope. Shule zilifungwa. Kuta za majirani zilipasuka, ya kwetu ikapasuka pia, ufa kutoka dirishani mpaka sakafuni. Redio ilisema tusilale ndani, tukahamia uani chini ya turubai, sisi na majirani wawili na watoto wao wote.

Nilijua kinachoendelea. Kule chini uji wa mawe ulikuwa ukijitafutia njia, ukisukuma, na mwamba uliokuwa juu yake ukikatika. Nilikuwa nimefundisha hivyo kwa chaki ya rangi mbili. Ni jambo tofauti kabisa ukiwa umeketi juu yake na kikombe cha chai.

Siku ya tatu niliona ufa uani. Ulianzia pembe ya jiko ukaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa shimo, ukateremka ukutani na kupotelea kwenye nyasi za chini. Upana wake ulikuwa wa kidole. Niliweka kiganja juu yake nikitegemea joto, au harufu ya kiberiti, au upepo. Sikusikia chochote, na hapo ndipo nilipoogopa.

Siku ya nne tulimkuta kuku wetu mmoja amekufa shimoni. Hakuwa na jeraha. Alikuwa ameketi tu kwenye nyasi, kichwa kimelala upande.

"Kideri," alisema mama mkwe, na akanituma nikamfukie mbali na wengine.

Nilishuka upesi, mchana, upepo ukivuma. Karibu na kuku walikuwepo mijusi wawili, nao wamekufa, na vipepeo wadogo weupe wametawanyika kwenye nyasi. Kideri ni ugonjwa wa kuku, hakiui mijusi. Nilipanda ngazi zile nikiwa nimebana pumzi.

Kwa maana nilishaliona hilo. Bibi yangu mzaa mama aliishi Goma karibu na ziwa, na nyuma ya migomba yake palikuwa na bonde dogo ambako mbuzi hawakufungwa asubuhi. Bibi akitaka kupita pale alichukua kaa la moto, akaliweka kwenye kopo la samaki lenye waya mrefu, akalining'iniza mbele yake karibu na ardhi. Kaa likiwaka, anapita. Kaa likififia, anarudi. "Mazuku imeamuka," alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kusema kwamba mvua inakuja. Sisi watoto tulikatazwa kuinama pale hata kufunga kamba ya kiatu. Siku moja nilimwona akivuka bonde lile na mbwa wake akimfuata kando. Bibi alivuka. Mbwa alifika katikati, akakaa chini, hakuinuka tena. Walikuwa wamepita njia moja, wakati mmoja, ila mmoja alikuwa mrefu na mwingine mfupi.

Baadaye nilisoma na kujua ni kitu gani. Ni hewa inayotoka ndani ya ardhi ya volkano kupitia nyufa, ileile tunayoitoa puani. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inateremka na kujaa mabondeni na mashimoni, na asubuhi ya baridi isiyo na upepo inatulia humo mpaka jua na upepo viiondoe. Darasani naonyesha kwa beseni. Nasimamisha mishumaa mitatu ndani yake, mmoja mfupi, mmoja wa kati, mmoja mrefu, kisha namimina siki kwenye unga wa kuumulia keki, pembeni. Povu linapanda. Wanafunzi hawaoni kitu kingine. Halafu mshumaa mfupi unazimika, kisha wa kati, na darasa linanyamaza kuliko siku yoyote ya mwaka.

Basi nilikuwa na vyote viwili, neno la bibi yangu na maelezo ya kitabu. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tumeketi uani tukimenya viazi, mimi na mama mkwe, na nikaanza na neno.

"Mama, mule mu shimo iko mazuku. Ile kuku haikukufa na kideri. Donc usishuke tena kule, hata kuomba."

Kisu chake kilisimama. "Kuna nini?"

"Mazuku."

"Mizuka," alisema. "Mzuka mmoja, mizuka mingi. Mazuku si neno."

"Kwetu tunasemaka mazuku."

"Kwenu mnasema mengi." Akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini wewe, mwalimu mzima, mtu uliyebatizwa, unaogopa mizuka?"

Nilisikia. Sitajificha nyuma ya uchovu wala nyuma ya lugha. Nilijua vizuri sana mzuka ni nini katika Kiswahili chake: ni pepo, ni mfu anayejitokeza. Nilimwona akitoka kwenye neno langu na kuingia katika neno lake, na huko alikoingia hapakuwa na hewa yoyote ya kuua mtu, palikuwa na mapepo tu, na mapepo yeye hakuyaogopa. Sentensi moja ingetosha. Mama, si mizuka, ni hewa, ukiinama utakufa. Naifundisha kila mwaka.

Lakini asubuhi ile alikuwa ameshanisahihisha mara tatu: sukari, mlango, na salamu niliyomtolea jirani, mbele ya jirani mwenyewe. Nilikuwa sijalala usingizi wa maana tangu mlima utapike. Na aliponiita mwalimu mzima, damu ilinipanda kichwani. Nikajisemea: anajua kila kitu, basi na ajue.

"Sawa, Mama," nikasema. "Mizuka."

"Hapo sawa," alisema, na akaendelea kumenya.

Jioni alimwambia mume wangu, akicheka, kwamba mkewe amemwonya habari za shimo. Mume wangu alikuwa amechoka, akaitikia tu. Kisha mama mkwe akatangaza kwamba atafunga siku tatu na kuomba, na ataombea palepale shimoni. "Kiwanja ni cha mwanangu," alisema. "Siwezi kuiachia mizuka." Nilikuwa nikimimina uji. Nilifungua mdomo, na mtoto wa jirani akalilia kikombe, nikampa kikombe, na nafasi ikapita. Ndivyo ninavyojieleza. Ukweli ni kwamba nafasi zilikuwa nyingi, na watoto wa majirani hawakulia katika zote.

Siku ya kwanza ya mfungo alishuka saa sita mchana. Nilisimama ukingoni nikijifanya naanika nguo. Upepo wa ziwani ulikuwa umeshaamka, na nyasi za chini ya shimo zilikuwa zikiyumba. Niliuona upepo ukifanya kazi yake, ukipeleka mbali kilichokuwa kimelala mle, na bado, alipopanda ngazi uso ukimng'aa, nilijiruhusu kufarijika. "Umeona?" aliniambia. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Nilianza kujicheka. Nilianza hata kufikiri labda ilikuwa kideri.

Alasiri ya siku ile ya pili lilikuja tetemeko lile kubwa. Tulikuwa tumeketi, na turubai likaruka juu kama mtu amelivuta, na jirani akaanguka juu ya sufuria yake ya maharage. Ukuta wa jiko ulikatika. Ilipotulia, mama mkwe alikuwa wa kwanza kuinuka, akatukusanyia watoto, akawafuta machozi mmoja mmoja kwa kanga yake. Mimi nilikwenda kuutazama ufa wa uani. Sasa ungeingiza mkono.

Nilisema moyoni kwamba kesho asubuhi, tukibaki wawili, nitamweleza taratibu, kwa Kiswahili kizuri.

Bomba la maji la mtaa wetu lilikuwa limepasuka, kwa hiyo asubuhi ile niliamka mapema kwenda kupanga foleni na dumu. Mama mkwe alikuwa akisuka mkeka uliofumuka pembeni, akaniambia nisisahau kifuniko. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu: "Kifuniko cha dumu kipo juu ya meza. Kipo, si iko." Nilimjibu "ndiyo, Mama" bila kugeuka.

Foleni ilikuwa ndefu. Nilipokuwa narudi, mji wote ulikuwa umetulia. Ziwa lilikuwa halina hata mkunjo. Moshi wa majiko haukupanda. Ulitoka kwenye paa, ukateremka, ukatambaa barabarani ukinigusa miguu. Nilitembea hatua chache nikiutazama kabla sijaelewa ninachotazama. Kisha nikakumbuka kwamba ni siku ya tatu ya mfungo, na kwamba siku ya mwisho watu wa kanisa lake huumaliza mfungo kwa maombi ya asubuhi. Nilitua dumu katikati ya barabara nikakimbia.

Ukungu mwembamba ulikuwa umelala shimoni. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wake, ameinama, paji la uso chini, viganja vimefunguka pande zote mbili. Kanga yake ilikuwa imekaa vizuri mabegani. Angepita mtu asiyejua angeondoka polepole asimsumbue.

"Mama," niliita. "Mama."

Niliteremka ngazi mbili na nikasimama. Mfukoni nilikuwa na kiberiti cha jiko. Niliwasha njiti, nikainama, nikaishusha kwa mkono. Ilipofika usawa wa magoti yangu ilizimika, bila kutikisika, kama imezamishwa majini. Niliwasha ya pili, ikazimika hapohapo. Ngazi zilizobaki zilikuwa saba, na mama mkwe alikuwa chini ya zote.

Sikuenda. Mtu asinipe pole kwa hilo. Nilijua kwamba nikienda tutakuwa wawili. Nilipiga kelele, na mume wangu, aliyekuwa bado hajaondoka, akaja mbio na shati mkononi. Alimwona mama yake. Nilimrukia kiunoni, nikamkumbatia kwa nguvu zote, tukaanguka pamoja ukingoni. Alinipiga. Alinipiga kwenye sikio na kwenye bega, yeye ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono, akisema niachie, mama yangu yule, niachie. Nilimshikilia na kumwambia maneno yaleyale ambayo sikumwambia mama yake. Ni hewa. Ni nzito. Ukiinama utakufa. Yalitoka yote, yamenyooka, kwa Kinyarwanda, tena kwa Kiswahili, ngeli na kila kitu.

Majirani walimshika. Walitafuta kamba na ndoano, wakarusha mara nyingi, na kila mara kamba iliteleza kwenye kanga. Tukaacha, kwa aibu ya kumvuta vile. Basi tukasubiri upepo. Hilo ndilo jambo nisiloweza kulieleza kwa mtu ambaye hakuwepo: kwamba tulisimama ukingoni, watu wazima zaidi ya kumi, jua likipanda polepole, tukiangalia nyasi zilizomzunguka, tukingoja ziyumbe. Ziliyumba karibu saa nne. Niliwasha njiti, nikashuka ngazi moja moja nikiitanguliza mbele, na moto ukafika nao mpaka chini ukiwaka.

Siku za kilio watu walikuja kutoka Rugerero, Mahoko, na kutoka Karagwe kwa basi. Mume wangu aliwapokea kwa utaratibu, na kila kundi jipya alilisimulia upya. "Mke wangu alimwonya," aliwaambia. "Mama mwenyewe aliniambia. Alimwonya siku tatu kabla, na mimi leo ningekuwa pembeni yake kama si huyu." Wanawake walinishika mikono. Mzee mmoja wa kanisa alisema wazazi wetu wamekuwa wagumu wa kusikia. Nilikaa kwenye mkeka nikipokea pole na shukrani, na sikumsahihisha hata mmoja.

Shimo lilizungushiwa miti na waya. Matetemeko yalipungua, yakaacha, shule ikafunguliwa. Nilipofika kwenye somo la mishumaa mitatu niliwapa wanafunzi zoezi la kuandika, nikatoka nje.

Nyumba tuliikarabati msimu wa kiangazi uliofuata. Jumapili moja mume wangu alikuwa akiziba ufa wa chini ya dirisha, mimi nikimkorogea saruji kwenye karai. Alifika nusu ya ufa. Kisha, bila kugeuka, akauliza.

"Siku ile ulipomwonya Mama. Alikujibu nini?"

Nilikoroga kidogo.

"Alinisahihisha Kiswahili," nikasema.

Mwiko ulimponyoka. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, akacheka mpaka akaketi sakafuni na kujifuta macho kwa mkono wenye saruji. "Mama yule," alisema. "Mama yule jamani." Kisha akaokota mwiko akaniomba nimsogezee karai, nami nikamsogezea.